SIKU TATU ZA MAKKA NA VIZA ILIYO MKONONI MWAKO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu Muislamu, dada yangu Muislamu, nakuomba unisomee mpaka mwisho. Somo la leo ni refu kidogo, lakini linahusu jambo lililokwisha kuingia majumbani mwetu: viza ya kutembelea nchi za watu.

Sisi wa Kigongo kuvuka ni maisha yetu. Wazee walivuka ghuba kwa mitumbwi, kisha tukavuka kwa kivuko, foleni moja na malori, mabasi na akina mama wa dagaa. Tangu tarehe 19 Juni 2025 lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, tunafika Busisi kwa dakika chache. Ukiifuata barabara hiyo utapita Sengerema, Geita, Biharamulo na Bukoba, mpaka Mutukula kwenye mpaka wa Uganda. Dunia imesogea, na maswali ya safari yamekuwa mengi. Mama anataka kwenda kumwona binti yake Muscat. Kijana anatafutiwa "viza ya kutembea" ya Dubai. Mzee ameambiwa ipo njia ya mkato ya kwenda Hija.

Na swali linalorudi kila mara ni hili: "Sheikh, viza yangu ni ya siku thelathini. Nikishafika nitabaki humo humo nifanye kazi. Mipaka yenyewe si waliichora wazungu? Dhambi iko wapi?"

Sitakujibu kwa neno moja. Nitakujibu kwa historia, kwa sababu jambo hili lilimfika Mtume wako kabla halijakufika wewe.

1. MTUME (S.A.W.) ALIPOZUIWA MLANGONI

Mwezi wa Dhul-Qaada, mwaka wa 6 Hijria, sawa na mwaka 628 Miladia, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na maswahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra. Walivaa ihramu na wakaswaga wanyama wa kuchinja. Hawakwenda kupigana. Walipofika Hudaybiya, nje ya Makka, Makureshi wakawazuia.

Hebu tafakari. Makka ndiko alikozaliwa. Nyumba ya Allah iko pale, iliyojengwa na Nabii Ibrahim na Nabii Ismail (a.s.). Wanaomzuia ni washirikina waliomfukuza kwao. Kama yupo mtu duniani aliyekuwa na haki ya kusema "mpaka huu siutambui", ni yeye. Na nyuma yake wapo watu 1,400 waliokwisha kumpa ahadi ya kufa pamoja naye.

Hakupenya usiku wala hakuwatuma watu wajichanganye na wafanyabiashara. Alikaa na mjumbe wao, Suhayl bin Amr, wakaandikiana mkataba. Miongoni mwa masharti: mwaka huu rudini, mwaka ujao mtaingia, mtakaa siku tatu, panga zenu zikiwa alani.

Mkataba ukiwa bado unaandikwa, akatokea Abu Jandal, mtoto wa huyo huyo Suhayl, anajikokota na minyororo. Amesilimu, ameteswa, anaomba achukuliwe. Sharti lilikuwa kwamba atakayewatoroka Makureshi arudishwe. Maswahaba walilia. Umar (r.a.) moyo ulimuuma, akamhoji Mtume kwa uchungu. Lakini Abu Jandal akarudishwa, akausiwa asubiri, Allah atamtolea faraja. Wakachinja pale pale Hudaybiya, wakanyoa vichwa, wakarudi Madina bila kuiona Al-Kaaba. Na wakiwa njiani ikashuka Surat al-Fat-h, ikiuita mkataba ule ushindi ulio wazi.

Mwaka wa 7 Hijria wakarudi. Wakaingia Makka wakiwa na silaha za msafiri tu. Makureshi wakawa wanatazama kutoka upande wa milimani, wakisema kwamba hawa homa ya Yathrib imewamaliza. Mtume (s.a.w.) akawaamuru maswahaba waende mwendo wa haraka katika mizunguko mitatu ya mwanzo ya tawafu, ili waonekane wana nguvu. Ukienda Umra leo ukafanya ramal, jua kwamba asili yake ni ziara ile ya siku tatu.

Siku ya tatu ilipokwisha, Makureshi wakamwendea Ali (r.a.): mwambie mwenzako aondoke, muda umekwisha. Wapokezi wa Sira wanasimulia kwamba siku hizo alikuwa amemuoa Bibi Maymuna (r.a.), akapenda awaandalie Makureshi karamu ya harusi. Wakakataa, wakasema hawana haja ya chakula chake. Akaondoka. Akaingia kwa mkewe Sarif, nje ya Makka.

Ndugu yangu, huyo ni Mtume wa Allah, katika mji aliozaliwa, akiwa na jeshi la watu wasiomwasi. Ameambiwa siku tatu, akakaa siku tatu. Hakuomba hata jioni moja ya karamu kwa nguvu. Na mwaka uliofuata, baada ya Makureshi na washirika wao kuuvunja mkataba, aliingia Makka kwa ushindi. Walioivunja ahadi walikuwa wao. Yeye mikono yake ilikuwa safi.

2. AMANI, JINA LA ZAMANI LA VIZA

Wanazuoni wetu waliuita utaratibu huu *amani*: idhini ya mtu kuingia kwa watu wengine akiwa salama, kwa muda na kwa masharti. Surat at-Tawba, aya ya 6, imeamrisha kwamba mshirikina akiomba hifadhi apewe, asikie maneno ya Allah, kisha afikishwe mahali pake pa usalama. Angalia: kuna kuomba, kuna kupewa, na kuna kurudi.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipotoka Taif, akiwa amepigwa mawe, hakuweza kuingia Makka mpaka apate mtu wa kumdhamini. Aliyemdhamini alikuwa Mut'im bin Adiy, ambaye hakuwa Muislamu. Wanawe walivaa silaha wakamsindikiza. Miaka ikapita, Mut'im akafa, na baada ya vita vya Badr Mtume (s.a.w.) akasema kwamba lau Mut'im angekuwa hai akawaombea wale mateka, angewaachia kwa ajili yake. Mtu alimfungulia mlango, naye hakumsahau.

Siku ya kufunguliwa Makka, Umm Hani binti Abi Talib (r.a.) alimpa amani mtu ambaye kaka yake, Ali, alitaka kumuua. Mtume (s.a.w.) akaipitisha amani ile. Neno la mwanamke mmoja likawabana Waislamu wote.

Kisha mafaqihi wakaligeuza suala upande wa pili: Muislamu akiingia nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani yao, je, anaweza kuwahadaa? Ibn Qudama katika kitabu chake Al-Mughni amelijibu: haifai kuwafanyia hiana, kwa sababu walimpa amani kwa sharti la kuaminika kwake, hata kama sharti hilo halikutamkwa. Hapa tunazungumzia hata nchi iliyo vitani na Waislamu. Je, nchi iliyokupigia muhuri kwa heshima na kukukaribisha?

Wala usidhani karatasi za safari ni bidaa ya wazungu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita Qatya, jangwani kati ya Misri na Sham, mwaka 1326. Anasimulia kwamba hakuna aliyepita pale bila barua ya ruhusa iliyoitwa *baraa*. Usiku walinzi walisawazisha mchanga. Asubuhi ukionekana unyayo, mtu alifuatwa mpaka akamatwe. Na huo ulikuwa utawala wa Kiislamu, barabara ya Waislamu kwa Waislamu.

3. ZIWANI KWETU, KABLA YA MISTARI

Rudi nyumbani sasa. Watu husema zamani hapa kila mtu alikwenda atakako. Si kweli.

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ililipa *hongo* kwa watawala, hasa ilipopita Ugogo. Hongo ilikuwa ada ya kupita, inajulikana, inajadiliwa mchana kweupe, vitambaa na shanga zinahesabiwa mbele za watu. Leo neno hilo hilo maana yake ni rushwa. Jambo la wazi likitiwa gizani, hata jina lake huoza.

Magharibi ya ziwa, aliyetaka kuingia Buganda alisubiri idhini ya Kabaka. Mwingereza Speke, aliyefika Mwanza mwaka 1858 akaliita ziwa letu kwa jina la malkia wake, alirudi safari ya pili akafika Karagwe kwa Mfalme Rumanika mwishoni mwa mwaka 1861. Hakuendelea mpaka Kabaka Mutesa alipomruhusu. Mwenzake Grant, mgonjwa wa mguu, akaachwa nyuma. Naam, mzungu alikaa Karagwe akisubiri ruhusa ya Mwafrika.

Na Uislamu ulifikaje huko? Mfanyabiashara Ahmad bin Ibrahim alifika Buganda mwaka 1844, zama za Kabaka Suna. Imepokewa kwamba alipoona watu wanauawa mbele ya Kabaka, alisimama akamwambia kwamba watu hao wameumbwa na Allah, na ni kosa kuwaua. Hatusemi wafanyabiashara wa zama zile walikuwa malaika. Walibeba pembe za ndovu, na wengi wao walibeba watumwa, na hilo ni doa. Lakini neno la haki lilisikika barazani kwa Kabaka kwa sababu aliyelisema alikuwa mgeni aliyeingia kwa ruhusa. Mgeni mwaminifu hufungua njia ya dini. Mgeni mdanganyifu huifunga.

4. MISTARI ILIPOCHORWA

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walitiliana saini mkataba, wakaligawa ziwa kwa mstari wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Hakuulizwa Msukuma, Mkerewe, Mhaya wala Mganda. Hiyo ni dhuluma na hatuifichi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Shirikisho la Mataifa likaitisha mkutano Paris mwaka 1920 kuhusu pasipoti, na kitabu cha pasi kikaanza kufanana nchi hadi nchi.

Uhuru ukaja, mistari ikabaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Jumuiya ikafufuka kwa mkataba wa mwaka 1999, na Soko la Pamoja likaanza tarehe 1 Julai 2010. Kwa sababu hiyo Mtanzania anayeingia Uganda haombi viza. Anaonyesha hati yake ya kusafiria, anapewa pasi ya mgeni ya mpaka miezi sita. Lakini elewa: ni pasi ya mgeni. Ukitaka kazi Kampala, kuna kibali chake. Hata kwa jirani, kutembea ni kutembea na kuajiriwa ni kuajiriwa.

5. "LAKINI SHEIKH, WAO WANATUDHULUMU"

Kweli, mizani haiko sawa. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, ukinyimwa hurudishiwi. Oktoba 2025 Marekani iliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo waombaji wa viza ya matembezi na biashara huweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Hebu zigeuze ziwe shilingi.

Na sababu waliyoitaja ni ipi? Wageni wanaozidisha muda. Hapa ndipo penye uchungu wetu. Kijana mmoja anajificha, akiamini anamkomoa mzungu. Anayelipa ni mama mmoja wa Misungwi anayetaka kumwona mjukuu wake na kurudi. Ule mlango alioupita yule kijana, yeye anaukuta umefungwa.

Surat al-Maida inaanza kwa amri ya kutimiza mikataba. Surat al-Isra, aya ya 34, inasema ahadi itaulizwa. Haikusemwa ahadi na watu wema tu. Mkataba wa Hudaybiya ulikuwa na waliomtesa Mtume. Dhuluma ya mwenzako unaweza kuilalamikia, ukaiandikia, ukawataka viongozi wako waijadili. Haikupi ruhusa ya kusema uongo kwa ulimi wako mwenyewe.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba haki ya ugeni ni siku tatu, inayozidi ni sadaka, na si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake kwenye dhiki. Wahenga wetu nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenyeji ana haki, hata kama nyumba yake ni kubwa.

6. HIJA YA MWAKA 2024

Sasa nifike kwenye msiba. Katika Hija ya mwaka 2024 joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301. Katika hao, asilimia 83 hawakuwa na kibali cha Hija. Wengi wa wasio na vibali waliingia kwa viza za matembezi. Kwa kuwa hawakuwa kwenye orodha, hawakuwa na hema lenye kiyoyozi Mina wala basi la kuwachukua. Walitembea masafa marefu juani, wazee kwa vijana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tunamwomba Allah awarehemu wote, na nia zao anazijua Yeye.

Miezi michache kabla ya hapo, Aprili 2024, Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilikuwa limeshasema kwamba haijuzu kwenda Hija bila kibali, na anayefanya hivyo anapata dhambi. Lakini madalali hawasomi fatwa. Wanasoma pochi yako.

Mzee wangu, Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo. Kibali ni sehemu ya uwezo. Ukikikosa mwaka huu, hujamwasi Allah. Mtume wako alifika Hudaybiya na ihramu mwilini, akazuiwa, akarudi. Je, wewe una haraka na Al-Kaaba kumshinda yeye?

7. KABLA HUJAPANDA NDEGE

Nakuusia mambo manne.

Kwanza, soma viza yako, au mpe mtu akusomee. Tazama aina yake, idadi ya kuingia, na siku za kukaa. Kwa baadhi ya viza, tarehe ya mwisho ni ya mwisho ya kuingia, na siku za kukaa huhesabiwa tangu unapogongewa muhuri. Schengen, kwa mfano, ni siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Wengi huvunja ahadi kwa kutosoma tu.

Pili, usighushi. Barua ya mwaliko ya uongo ni ushahidi wa uongo. Fedha za kuazima zinazowekwa benki siku tatu ili taarifa ya akaunti ipendeze, kisha zinatolewa, ni udanganyifu. Huwezi kuianza safari kwa uongo kisha ukaiombea dua ya safari.

Tatu, kama nia yako ni kazi, sema kazi. Omba viza ya kazi kupitia wakala aliyesajiliwa, uwe na mkataba uliousoma. Binti anayepelekwa Ghuba kwa viza ya kutembea akafanye kazi za ndani anakwenda bila mkataba na bila jina lake kuandikwa popote kama mfanyakazi. Akinyimwa mshahara, atashitaki kwa karatasi gani? Viza ile inampa faida dalali na mwajiri, na yeye inamvua hifadhi. Wazazi, msiuze ng'ombe kumlipia mtu anayewaambia "akifika ndiyo itajulikana".

Nne, muda ukikaribia kwisha na una sababu, omba kuongezewa kabla haujaisha. Ukikataliwa, rudi.

Na wewe ambaye umekwisha kukwama huko, usikate tamaa na rehema ya Allah. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini hahesabiwi kama mhaini. Dada aliyenyang'anywa pasipoti na mwajiri hana dhambi ya kuzidisha muda. Dhambi ni ya aliyeishika. Ubalozi wetu upo Muscat, upo Riyadh, upo Abu Dhabi. Nenda au piga simu, ujulikane uko wapi. Na uliyebaki kwa hiari yako, toba yako ni kujuta, kuacha, na kutengeneza mambo yako kwa njia halali. Nchi za Ghuba mara kwa mara hutangaza misamaha ya muda kwa wageni kama wewe. Ukisikia, itumie, usiipuuze.

Ndugu yangu, hapo Kigongo unavuka na hakuna anayekuuliza unarudi lini. Ukifika Mutukula au uwanja wa ndege, unaulizwa. Jibu unalotoa mbele ya afisa uhamiaji wameliandika malaika wawili kabla yeye hajagonga muhuri. Ukisema siku thelathini, ziwe thelathini.

Ee Allah, tujaalie tuwe watu wa kutimiza ahadi tukiwa kwetu na tukiwa kwa watu. Warudishe salama wasafiri wetu. Wafungulie vijana wetu riziki ya halali, karibu na mbali. Warehemu waliofia njiani wakiitafuta Nyumba Yako, na utupe sisi Hija iliyokubaliwa, kwa mlango ulio wazi. Amin.

Wasomee na wazazi nyumbani, na mtumie yule unayejua yuko njiani kufunga begi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.